Bi Ghalia Aenda Kuposa

Vikombe vilinunuliwa mapema. Vilikuwa vyeupe, vina mstari wa dhahabu, seti nzima na birika lake, na Bi Ghalia aliviweka juu ya kabati la sebuleni kwake Thornton Heath, London, akamkataza kila mtu kuvigusa. Vilikuwa vya wageni wa posa. Posa yenyewe ilikuwa haijaja, lakini mama mwenye binti hangoji wageni wagonge mlango ndipo aanze kuhangaika na vyombo.

Binti ni Siham, mtoto wake wa pekee, mfamasia, mwanamke asiyependa makuu. Mchumba ni Afrizal, Mwindonesia, mtu wa Minangkabau, nyanda za juu za magharibi ya kisiwa cha Sumatra, aliyekuja London kusomea uhandisi akapata kazi na kubaki. Bi Ghalia alikuwa ameshamchunguza vya kutosha. Anasali. Anakula wali kwa mkono. Anavua viatu bila kuambiwa. Akija Jumapili huosha vyombo, tena huanza na masufuria, na mwanamke aliyepika kwenye jiko la shule ya msingi karibu umri wake wote wa Uingereza anajua thamani ya mtu anayeanza na masufuria. Kwake yeye mambo yalikuwa mepesi: wazee wa kijana walete posa, wanywe chai, shughuli iishe.

Wazee hawakuja. Mwaka ukapita, ukaingia wa pili, hata simu hawakupiga. Shoga zake wakiuliza, Bi Ghalia alijibu kwamba watu wanajipanga, Indonesia si Brixton. Peke yake jikoni alikuwa na maneno mengine. Watu gani hawa? Au wameona picha, wakaona binti mweusi, wakageuza uso? Hilo ndilo lililomuuma zaidi, na hakumwambia mtu. Juu ya hayo alijua kwamba siku posa ikija, Siham ataondoka. Kwa hiyo alikuwa akimlilia mtoto ambaye hajaombwa, na papo hapo akiwakasirikia wasiomwomba. Binadamu tuna vituko.

Aliyelipasua jipu ni kaka yake, Himid. Huyu ni dereva wa basi mstaafu, na siku hizi anashinda kwenye mikahawa ya Edgware Road akibishana na Waomani, ubishi ambao umemfanya ajione msemaji wa taifa zima. Jumapili moja, biriani ingali moto, alimgeukia kijana akamuuliza kwa Kiingereza chake cha barabarani.

"Sikiliza, baba. Mie sina haya. Wazee wako wanakuja lini?"

Afrizal aliliacha tonge lake sahanini. "Mjomba," alisema, "mama yangu ananiuliza swali hilo hilo kila wiki. Anataka kujua wazee wa Siham watakwenda lini."

Hapo ndipo mambo yalipojulikana. Kwa watu wa Minangkabau mwenye nyumba ni mwanamke. Nyumba na mashamba hutoka kwa mama kwenda kwa mabinti, ukoo hufuata kwa mama, na mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Kijijini kwa kina Afrizal, watu wa mwanamke ndio wanaokwenda kuposa. Mama yake, Bi Yusnidar, naye alikuwa ameshatandika mikeka mipya, anangoja. Afrizal alidhani Siham ameshamweleza mama yake. Siham alidhani Afrizal ameshamweleza wake. Kila mmoja aliona haya kumhimiza mwenziwe, wakabaki hivyo, watu wazima wawili wenye digrii zao.

"Mie?" alisema Bi Ghalia. "Mie nikapose mwanamume? Nimtembeze binti yangu kama sinia ya kashata?"

Himid alicheka mpaka akapaliwa. Siham hakucheka. Alimjibu mama yake kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida yake, kwamba kama hakuna wa kwenda kwa mwenzake, basi wao watakwenda halmashauri wakaandikishe ndoa, na picha watamletea. Hakusema kwa ukali. Bi Ghalia alimjua mwanawe: akipandisha sauti bado kuna nafasi, akiishusha ameshakata shauri.

Siku kadhaa Bi Ghalia alifanya ngumu. Aliona ataonekana amekosa wa kumwoa binti yake mpaka akenda kumtafuta mwisho wa dunia. Lakini kila alipofikiria ile picha ya halmashauri, macho yalimwenda kwenye vile vikombe. Shule zilipofungwa kwa likizo ya kiangazi alipiga moyo konde, akamwambia Himid atafute pasipoti yake. Siham alibaki London, kwa kuwa anayezungumziwa hakai barazani. Walikwenda watatu: yeye, Himid na Afrizal mwenyewe.

Padang iko pwani, na joto lake lilikuwa kama la Wete, kisiwani Pemba, alikozaliwa. Kisha gari ikaanza kupanda. Barabara ilijipenyeza kwenye korongo lenye msitu pande mbili, na mahali pamoja maji yalianguka kutoka juu ya jabali hadi kando ya lami, vioo vikarowa. Nyani walikaa ukingoni wakiwatazama abiria kama mapolisi wa njiani. Walipotokea juu kulikuwa na baridi nzuri, na mbele yao milima miwili, Singgalang ulioficha kilele chake mawinguni, na Marapi ambao ni mlima wa moto, unafuka moshi taratibu. Chini yake watu walikuwa wakipanda mpunga bila wasiwasi. Mashamba yaliteremka ngazi kwa ngazi, kila ngazi na maji yake, na anga imelala ndani yake.

"Mlima unavuta sigara, nao wanalala chini yake," alisema Himid. "Sisi kule tukiona theluji kidogo tunafunga shule."

Kwenye kijiji kimoja Bi Ghalia aliomba gari isimame. Kando ya njia maganda yalikuwa yametandazwa kwenye majamvi yakauke, marefu, yamejikunja. Aliokota moja akalinusa. Mdalasini! Alisimama pale ametia pua kwenye ganda la mti, na kwa mara ya kwanza tangu waondoke hakuwa na hasira na mtu.

Hasira ilirudi walipofika. Si kwamba nyumba haikupendeza. Ilikuwa ya mbao, imenyanyuliwa juu ya nguzo, imechorwa maua mekundu na meusi na ya dhahabu kila ubao, na paa lake lilipinda na kuinuka pembeni kama pembe za nyati. Ila Bi Yusnidar, mwanamke mfupi mwenye miguu iliyovimba, aliwapokea kwa mikono miwili lakini macho hakuyainua. Bi Ghalia akasema moyoni, ndiyo yale yale, hatutaki.

Dada yake Afrizal, Yeni, mwalimu wa Kiingereza, ndiye aliyekuwa mkalimani. Aliwatembeza ndani. Mbele kulikuwa na ukumbi mmoja mrefu, na nyuma yake vyumba vimepangana, kila binti wa nyumba na chumba chake.

"Na cha Afrizal?" aliuliza Bi Ghalia.

"Wavulana hawana chumba," alijibu Yeni, kama anayeulizwa kwa nini kuku hana soksi. Zamani walilala kwenye kijumba cha kusalia pamoja na wenzao, siku hizi hutandikiwa godoro ukumbini. Wanakuzwa wakijua wataondoka, kwanza ugenini kutafuta maisha, halafu kwa mke.

Bi Ghalia alimtazama mama mtu, aliyekuwa akipanga vikombe ameinama.

Mazungumzo yalikuwa siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri. Wazee walikaa mikekani, katikati ikawekwa sinia ya tambuu. Majani, popoo na chokaa, vile vile kama Pemba, Bi Ghalia nusura apige kelele. Lakini aliyefurahi kupita wote alikuwa Himid. Kwao mjomba hana lake katika ndoa. Wa kumwozesha Siham alikuwa ami yake, ndugu wa marehemu baba yake, na Himid alishajua kwamba siku hiyo atawekwa nyuma karibu na viatu. Huku mjomba ndiye mkubwa! Alikalishwa mbele kabisa, uso kwa uso na mjomba wa Afrizal, mzee mwembamba mwenye kofia nyeusi. Yule akizungumza kwa mafumbo, akizunguka mbali kabla ya kugusa jambo, Himid naye anazunguka mbali zaidi, na Yeni katikati anatokwa jasho. Edgware Road ilikuwa imemwandaa kwa siku hii.

Kisha mzee mwembamba aligeuka nyuma walikokaa wanawake. Akasema dada yake ana swali moja, na kabla halijajibiwa, yeye hana ruhusa ya kusema ndiyo.

Bi Yusnidar aliuliza akiutazama mkeka. Yeni akatafsiri. "Mama anauliza kwa nini mmechelewa hivi."

Himid alifungua mdomo, ana hotuba tayari. Bi Ghalia alimwekea mkono gotini. Maneno aliyokuwa amejifunza kwenye ndege, ya heshima na ya kuficha, yote aliyasahau.

"Mwambie tulikuwa tunamngoja yeye," alisema. "Kwetu mwanamume ndiye anayekuja. Nilinunua vikombe. Nilikaa nikidhani mmemwona mwanangu mweusi, hamkumtaka."

Yeni alitafsiri. Kikongwe mmoja aliyekaa karibu na nguzo akaanza kucheka, akajipiga paja, wakafuata wanawake, wakafuata wanaume, hata mzee wa kofia akafuta machozi kwa kicheko. Bi Yusnidar peke yake hakucheka. Aliinua macho mara ya kwanza.

"Na mimi nilidhani ni mwanangu aliyekataliwa," alisema. "Kwamba mnamtumia tu. Anakuoshea vyombo, lakini si wa kuombwa."

Bi Ghalia aliona haya mpaka masikio yakamwaka, maana ni kweli, vyombo alikuwa akioshewa.

Posa ikakubaliwa. Lakini Bi Yusnidar alikuwa na ombi. London kwenye harusi hataweza kwenda, daktari amemkataza safari ndefu kwa ajili ya miguu. Basi kama wanamchukua mwanawe, wasiondoke naye kama mtu anayewahi ndege. Mara ya kwanza aliondoka hivyo hivyo, na begi mgongoni, kabla hata chai haijachemka. Safari hii waje wamchukue mlangoni pake, kwa desturi, yeye akiona.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ya kuondoka Bi Ghalia na Himid walilala nyumba ya jirani, na asubuhi wakaja kama wageni. Waliongozana na wanawake wa kijiji wenye sinia kichwani, mwavuli wa manjano na vijana waliopiga matoazi madogo ya shaba. Afrizal aliketi ukumbini katika vazi lake zuri, amepauka kama aliyefunga siku tatu. Bi Ghalia alimshika mkono akamwinua. Mkono ulikuwa wa baridi. Walishuka ngazi, vigelegele juu yao, wakashika njia nyembamba baina ya mashamba kuelekea garini. Himid alitembea mbele kifua nje, anawapungia mkono hata bata.

Kwenye kona Bi Ghalia aligeuka. Dirishani alimwona Bi Yusnidar, mikono miwili juu ya ubao, hapungi, haiti. Kisha dirisha likabaki tupu.

Bi Ghalia alisimama. Miaka yote hii alikuwa ameyaweka tayari machozi ya siku atakayochukuliwa Siham. Alijua atalia amekaa wapi na nani atamshika bega. Haikumpitikia hata siku moja kwamba yeye ndiye atakayetoka mlangoni na mtoto wa mwenziwe mkononi. Akaukumbuka mlango wa mama yake, Wete, alivyoupita akicheka kwa kuwa anakwenda Ulaya, na hakurudi mpaka mama akafa.

"Kaka, mshike," alisema, akampa Himid ule mkono.

"Unakwenda wapi? Desturi inasemaje?"

"Sijui inasemaje."

Alirudi akipanda ngazi anahema. Ndani hapakuwa na mtu mwengine, wote walikuwa wamefuata msafara. Bi Yusnidar alikuwa amepiga magoti ukumbini, anakunja shuka ya godoro alilolalia mwanawe usiku ule, na kitambaa kinamponyoka kila akijaribu. Bi Ghalia alipiga magoti upande wa pili akashika ncha mbili. Walikunja pamoja, wakakunja tena, mpaka ikawa ndogo.

"Nisamehe, mwenzangu," alisema Bi Ghalia kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilimkimbia. "Nimekuchukulia mtoto."

Bi Yusnidar alijibu kwa lugha yake, maneno mengi, polepole, akiipapasa shuka. Bi Ghalia hakuelewa hata moja. Chini barabarani honi ililia, ikalia tena, na sauti ya Himid ikamwita kwa jina. Bi Ghalia hakuinuka.