Moja, Mbili, Tatu, Nguzo

Jina lake halisi walilijua wachache. Mji mzima ulimwita Mwalimu Breki, kwa sababu miaka ishirini na sita aliyofundisha udereva, mguu wake haukuwahi kuiacha ile breki ya pili iliyofungwa upande wa abiria. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mkali kama pilipili. Ukimwambia kuna dereva mwangalifu kumzidi, hakujibu. Alikutazama tu mpaka ukaona haya mwenyewe.

Kanuni yake ilikuwa moja. Juu ya mshale wa spidi alibandika kipande cha boksi, mwanafunzi asiuone kabisa. "Macho barabarani!" alifoka. "Mshale haujawahi kuvuka barabara ukagongwa!" Badala yake aliwahesabisha nguzo za umeme za barabara kuu. Ukiipita nguzo moja unaanza, bila pupa: moja, mbili, tatu. Ukitamka tatu na nguzo ya pili iko ubavuni mwako, unakwenda hamsini, ndiyo spidi inayoruhusiwa mjini. Nguzo ikiwahi, unakimbia. Ikichelewa, unatambaa, kanyaga mafuta. Nusu ya madereva wa mji ule walipita mikononi mwake, na wengi walibandika boksi kwenye magari yao wenyewe. Ukipanda gari la mmoja wao, utaona midomo inacheza.

Basi kamera ya spidi ilipofungwa karibu na kivuko cha sokoni, aliyefurahi kuliko wote alikuwa yeye. Sababu alikuwa nayo. Miaka miwili nyuma, pale pale kivukoni, binti yake kifungua mimba, aliyekuwa akiendesha gari la duka la dawa, alimgonga fundi viatu. Mzee wa watu hakufa, lakini mguu anauburuta mpaka leo. Kituoni binti alilia, "Baba, nilihesabu tatu. Haki ya Mungu, nilihesabu tatu!" Na Mwalimu Breki, mbele ya trafiki, mbele ya mwenye duka, mbele ya watu waliojaa mlangoni, akasema, "Hakuhesabu huyu. Angehesabu asingegonga mtu." Binti akanyang'anywa leseni, kazi ikaota mbawa, akaishia kupiga pasi kwa dobi, na tangu siku hiyo hakukanyaga nyumbani kwa baba yake. Mama yake ndiye aliyekuwa akienda kumwona. Akirudi, mume anauliza kwa sauti ya chini, "Hajambo?" Na mke anajibu, "Miguu unayo. Nenda kamwone."

Kamera, aliwaza Mwalimu, itawaumbua wazembe, na mji utajua kwamba siku ile kituoni alisema kweli. Wiki haikuisha, barua ya kwanza ikafika. Ilikuwa yake.

Sabini na moja! Na picha juu: gari lake na kibao cha mafunzo, karani wa posta ameshika usukani kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, na yeye mwenyewe pembeni, kidole juu, mdomo wazi. Aliijua siku ile. Aliujua hata mdomo ule. Ulikuwa unasema tatu.

Alicheka. Akaisoma tena, akaacha kucheka. Kesho yake asubuhi uani kwake palijaa watu, kila mmoja na barua. Muuza maziwa, sabini. Mkunga, sabini na mbili. Mwokaji mikate, mtu mwoga hata wa kuku, sitini na tisa. Wote walikuwa wanafunzi wake, na wote waliapa kwamba walihesabu.

"Mashine ina wazimu," Mwalimu aliwaambia. "Ningojeni hapa. Naenda ofisini kwao, nitarudi na jibu."

Lakini njiani kichwa kilimzunguka. Mashine yenye wazimu ingemkosea kila mtu kivyake. Hii iliwakosea wote sawasawa, tena waangalifu watupu! Na kama haikukosea... Hapo alikunja kona kwa nguvu, akaliacha wazo hilo nyuma.

Fundi wa kamera alikuwa dada mmoja kutoka mji mwingine, buti zimejaa vumbi, kalamu sikioni. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mashine yako inasema uongo."

Dada hakukasirika. Alimpa kiti, akamsikiliza habari yote ya nguzo, akatabasamu kidogo, kisha akaandika namba kwenye karatasi. "Kutoka nguzo hadi nguzo ni mita ngapi?"

"Arobaini. Nilizipima kwa mkono wangu nilipoanza kazi."

"Basi hesabu yako ni sahihi kabisa, mzee. Mita arobaini kwa sekunde tatu ni kama hamsini." Alikuna kichwa kwa kalamu. "Na kamera nayo ni sahihi. Tumeipima jana tu. Sasa hapo mimi sielewi."

"Hata mimi sielewi!"

Wakatoka na futi ya kupimia barabara, Mwalimu ameshika mwanzo, dada ameshika mwisho, magari yanawapigia honi. Dada akainama, akasoma. "Sitini."

"Pima tena."

Sitini. Wakapima kati ya nguzo nyingine mbili. Sitini. Mwalimu aliishika nguzo, akaipapasa. Ilikuwa ya zege. Ebo! Tangu lini ni ya zege? Za kwake zilikuwa za mti, nyeusi, zinanuka lami juani. Alianza kupekua majani ya kando kwa kiatu chake kilichong'aa, na hakwenda mbali. Kisiki cheusi kilikuwa pale, kimekatwa usawa wa ardhi.

Hapo ndipo akakumbuka ule mwaka umeme ulipokatika juma zima, mafundi wakibadilisha nguzo. Miaka mitatu iliyopita. Na akakumbuka kwamba ni tangu mwaka huo alipoanza kulalamika kuwa wanafunzi wa siku hizi waoga, wanatambaa, nguzo zinachelewa. "Kanyaga mafuta!" aliwaambia. Miaka mitatu alikuwa akiwaambia wakanyage mafuta. Na binti yake alimgonga fundi viatu miaka miwili iliyopita.

Aliona aibu, na hofu, na zaidi ya yote alichanganyikiwa. Kosa lilikuwa la nani? La walioweka nguzo? Lakini nguzo zinawekwa kwa ajili ya umeme, si kwa ajili yake.

"Faini zitabaki pale pale, mzee," dada alisema kwa upole. "Sheria haijui kuhesabu nguzo."

Mwalimu hakumsikia. Alikuwa ameshika njia ya kwa dobi, na gari ameliacha.

Binti alikuwa anapiga pasi mashuka ya hoteli. Alimwona baba yake mlangoni, pasi ikasita, ikaendelea. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Akasimama pale pale kizingitini. "Nguzo zilihamishwa. Zile za mti zilikuwa mita arobaini. Hizi ni sitini. Ukihesabu tatu unakwenda sabini na kitu. Wewe... ulihesabu tatu."

Binti aliisimamisha pasi. "Unajua, Baba, ulinikana kwa sauti kubwa hata mimi nikaanza kujitilia shaka. Miaka miwili najiuliza, labda kweli sikuhesabu. Labda nilikuwa nawaza mambo mengine."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ulinikana mbele za watu," binti alisema. "Hapa tuko mimi na wewe na pasi." Akalivuta shuka jingine.

Akarudi nyumbani kwa miguu. Walikuwa bado wanamngoja uani, wamekaa juu ya ndoo na ngazi, na barua zao mikononi, na walipomwona wakasimama wote. Mkewe alikuwa mlangoni.

"Mwalimu, vipi, mashine mbovu?" akauliza muuza maziwa.

Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, habari ya zege na visiki na mita, na yote yakampotea. Lililotoka lilikuwa jingine. "Binti yangu alihesabu tatu," alisema. "Siku ile kituoni mlikuwepo, mkanisikia. Alihesabu kama nilivyomfundisha, nami nikamwita mwongo. Aliyemgonga fundi viatu ni hesabu yangu."

Watu walitazamana. Mwishowe mwokaji mikate, kwa sauti yake ya woga, akauliza, "Sasa, Mwalimu, tuhesabu ngapi?"

"Sijui," alisema Mwalimu Breki. "Bandueni maboksi."

Mkewe alikwisha kuvaa viatu. Alipita katikati ya watu bila kuaga, akashika njia ya kwa dobi.