Vipima Mwanga vya Milkii

Milkii Gutama hakuwahi kununua kitu anachoweza kukitengeneza mwenyewe, na tabia hiyo ilitukera sana sisi tuliokaa naye ofisi moja pale chuoni Jimma, Ethiopia. Alipotaka kujua majani ya kahawa yanapata mwanga kiasi gani chini ya kivuli cha miti, bei ya kipima mwanga cha kuagiza nje haikushikika. Akaunda vyake: kijicho cha elektroniki cha kunasa mwanga, waya, gundi, na juu kipande cheupe alichokata kwenye mfuniko wa ndoo. Meza yetu ikageuka gereji.

Msimamizi wake, Dokta Gelana, akaazima kipima kimoja cha bei mbaya. Vyote vikafungwa pamoja juani, uani kwa Mama Sifan mwenye shamba, vilinganishwe. Siku ya kwanza vilikubaliana vizuri. Kisha namba za vipima vya Milkii zikaanza kushuka, kila siku chini zaidi.

"Kesho nakuja mwenyewe," Dokta akamwambia. "Vikiwa bado vinadanganya, utafiti huu tunaufunga."

Milkii hakula. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, maana kazi yake yote ilikuwa inakwenda na maji.

Asubuhi tulipofika na Dokta, tulimkuta Mama Sifan ameinama juu ya vipima, vidole vinang'aa.

"Mama, unafanya nini?" Milkii akauliza.

"Navipaka siagi, mwanangu. Kwani wewe ulipoondoka kwenda chuo, mama yako hakukupaka kichwani? Si ulisema vina kazi ngumu? Kila asubuhi navibariki."

"Na hiki kikubwa cha kuazima?"

"Hicho cha watu. Nitakigusaje?"

Siagi, na vumbi lote la ua limenata juu yake! Dokta akaziba mdomo, mabega yanatikisika kwa kicheko. Milkii akavifuta vipima vyake kwa maji ya sabuni, nasi tukakodolea namba macho. Zikapanda, zikapanda, zikalingana na za kile cha kuazima. Nikahisi nimetua mzigo, na wala haukuwa wangu.

"Haya, tengeneza vya shamba zima," Dokta akasema.

Mama Sifan alibaki na bakuli lake mkononi, amenywea. "Kumbe nilikuwa nakuharibia, mwanangu."

Milkii akavua mtandio, akapiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa.

"Nipake mimi, mama. Niliogopa kweli."