Inataka Maji

Hospitalini walimwita Mama Kamba. Hana mtoto aitwaye Kamba. Watoto wake ni wawili na wana majina yao mazuri. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kamba kumi na nne za kuanikia zilizokuwa nyuma ya wodi ya wazazi. Kwa miaka ishirini na miwili, hakuna shuka lililokauka pale bila kupita mikononi mwake. Alikuwa akiweka shavu kwenye shuka na kujua kama limekauka kweli au linadanganya. Wingu likijikusanya upande wa tangi la maji, yeye alishaanza kuanua, na sisi wengine tulikuwa bado tunasema leo jua kali.

Mimi nilikuwa chumba cha pili, kwenye pasi. Kati yetu kulikuwa na mlango usio na ubao, uwazi tu, kwa hiyo tulifanya kazi pamoja kila mtu akiwa kwake. Yeye ndiye aliyenipa jina la Kimya.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alikuwa akinitania. "Wa kwako tunausubiri tangu mwaka ulioajiriwa, mdogo wangu. Utakuja lini huo mshindo?"

Mimi nilicheka tu. Tangu utoto, maneno yangu hufika mdomoni baada ya watu kuondoka.

Kisha kiwanja cha kamba kilichukuliwa kwa ajili ya jengo jipya. Kamba zilikatwa asubuhi moja, na jioni yake ililetwa mashine ya kukaushia nguo, nyeupe, yenye mlango wa duara kama dirisha la meli. Fundi aliyekuja kuifunga alikuwa mtu wa maneno mengi, simu yake ikilia kila dakika.

"Mama, hili ni friji lililogeuzwa," alimwambia Mama Kamba.

"Friji? Nikaushe mashuka kwenye friji, mwanangu?"

"Sikiliza kwanza. Friji lina baridi ndani na joto mgongoni, hujawahi kuugusa ule mgongo? Hapa vyote viwili vimefungiwa ndani. Hewa inapita kwenye mabomba ya moto, inaingia kwenye nguo, inabeba unyevu. Ikitoka inagonga mabomba ya baridi. Unyevu unageuka maji, kama glasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Maji yanaenda zake. Hewa iliyobaki kavu inarudi kupashwa moto, inazunguka tena."

"Joto ni lile lile?"

"Lile lile, mama. Linachukuliwa upande wa baridi na kusukumwa upande wa moto, kama pampu inavyosukuma maji. Ile mashine ya zamani mnayoiona hospitali kubwa inapasha hewa na kuitupa nje, inapasha nyingine na kuitupa nje. Hii haitupi. Ndiyo maana haina dohani, na umeme wake haufiki nusu ya ile. Tena haiunguzi nguo, joto lake ni la wastani. Ila inachukua muda zaidi. Haina haraka."

"Basi tutaelewana, hata mimi sina haraka." Akaipiga mashine kofi dogo, kama anayemkaribisha shemeji asiyemwamini. "Lakini ikinichezea, nitaimwagia maji!"

Watu walicheka. Metroni alikuwepo. Hakucheka, lakini alisikia.

Fundi aliunga bomba jembamba nyuma ya mashine, likapeleka maji moja kwa moja kwenye sinki, ili tusipate kazi ya kuvuta tangi dogo la mashine na kulimwaga. Akatuonyesha chujio la mlangoni, ambalo hukamata manyoya, yaani zile nyuzi laini zinazotoka kwenye nguo. Lisafishwe kila baada ya mzigo mmoja, alisema, bila kusubiri kesho. Kisha akainama kwenye kifuniko kidogo cha chini, akafungua kinywa kutueleza, simu ikalia. Maelezo ya kifuniko kile yaliishia kwenye simu.

Mama Kamba aliizoea kuliko alivyotaka kukiri. Alikamua mashuka vizuri kwanza, hakuijaza kupita kiasi, na chujio alilisafisha kwa vidole mpaka likang'aa. "Shemeji ameamkaje?" ndiyo ilikuwa salamu yake kila asubuhi. Mvua ilipoanza, wodi nzima ilimshukuru huyo shemeji.

Siku ya tisa ya mvua mfululizo, mashine ilisimama katikati ya mzigo. Mashuka yalikuwa bado mabichi ndani.

"Kimya!"

"Naam, dada."

"Njoo uone. Amewasha kitone chekundu."

Nilikuwa na gauni la daktari chini ya pasi, sikuweza kuliacha. Nilichungulia tu kwenye uwazi. Niliiona taa: picha ya tone la maji, nyekundu. Pasi yangu ya mvuke ina taa kama ile ile, mahali pale pale, karibu na kishikio.

"Hiki kitone si hata pasi yako inacho?"

"Inacho."

"Kikiwaka inataka nini?"

"Inataka maji," nikasema.

Maneno mawili. Nikarudi kwenye gauni langu.

Nikamsikia akivuta tangi na kucheka. "Masikini, ni kavu kama ulimi wa mgonjwa! Kumbe shemeji ana kiu na hasemi." Lilikuwa kavu kweli, maana maji yalikuwa yakipitia kwenye bomba la nyuma tangu siku ya kwanza. Akamimina jagi zima, akalirudisha tangi. Taa haikuzimika. Akamimina la pili kwenye uwazi wenyewe wa tangi. Katikati ya la tatu, maji yalitoka chini ya mashine, yakatambaa sakafuni hadi kwenye waya wa kuunganishia umeme. Kukalia pa! Pasi yangu ikafa mkononi. Taa zote za upande wetu zikazimika.

Metroni alipofika alimkuta amesimama kwenye maji, jagi mkononi.

"Ulisema utaimwagia maji," metroni alisema taratibu. "Na umeimwagia."

"Ilikuwa na kiu," Mama Kamba alijibu. Ni jibu la kijinga likisikiwa na mtu ambaye hakuwepo.

Tuliitwa ofisini jioni ile ile, mmoja mmoja. Mimi nilisimama mlangoni, sikukaa.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alimwaga maji kwenye mashine?"

"Alimwaga."

Akaandika. Nilisubiri aniulize kwa nini. Hakuniuliza, na mimi sikuongeza. Nilitoka nikiwa na sentensi yangu nzima tumboni. Mama Kamba alikuwa kwenye benchi la nje anasubiri zamu yake. Alinitazama, nikatazama viatu vyangu.

Alisimamishwa kazi siku hiyo. Barua ilisema ameharibu mali ya hospitali kwa makusudi.

Kesho yake fundi alikuja. Aliivuta mashine kutoka ukutani, akalichomoa lile bomba jembamba, akalipuliza. Likatoka donge la manyoya ya kijivu, limeloa, kama panya aliyekufa maji. Kisha akafungua kifuniko cha chini. Ndani kulikuwa na mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na juu yake blanketi zima la manyoya.

"Haikufa," alisema. "Imezibwa tu. Hapa chini palitakiwa kusafishwa kila mwezi, kwa brashi laini, usiyapinde haya mabati. Hewa isipopita hapa, nguo hazikauki na umeme unaliwa bure. Na manyoya yakishuka yanaziba njia ya maji. Maji hayatoki, yanajaa tumboni, inawasha tone na kusimama."

"Tone," nikasema. Hata mimi nilishangaa kusikia sauti yangu.

"Ndiyo. Linamaanisha imejaa. Haiombi maji, inaomba yaondolewe."

Akaiacha ikauke siku moja, akaja kuiwasha. Ikanguruma kama kawaida. Metroni akanitazama na kusema, "Kuanzia leo utaishika wewe, wewe mtu mtulivu."

Sijui kama nitaweza kueleza majuma yale. Nilisafisha chujio kila mzigo. Kila Jumamosi nilipiga magoti mbele ya kile kifuniko na brashi yangu, nikatoa manyoya ya mashuka yaliyokuwa kazi ya Mama Kamba. Nililikagua bomba lisijikunje, dirisha niliacha wazi chumba kipate hewa. Kila kitu nilikifanya kama fundi alivyosema, hata kuzidi, na kila kitu kilinishtaki. Chakula kilinishinda. Niliogopa kutazama ile taa hata ikiwa imezimika. Pasi ikiwasha tone lake, nililitazama mara mbili kabla ya kuijaza.

Mara tatu nilikwenda hadi kwenye mlango wa metroni. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili alikuwa peke yake, nikasema nimekuja kuomba sabuni. Mara ya tatu hata sikugonga.

Kisha nilikutana dukani na binti yake Mama Kamba, yule mkubwa.

"Mama hatoki nje, mjomba," aliniambia. "Majirani wanasema alitaka kuiunguza hospitali na wazazi ndani. Jana, jua likiwaka, alianua nguo zake akazianika chumbani, ili asionekane uani."

Mtu aliyeanika mbele ya ulimwengu miaka ishirini na miwili, sasa anaanika chumbani. Nilimwacha binti anahesabu vitunguu, nikatoka, mvua ikinyesha. Nilikwenda kwake bila kusimama, maana nilijua nikisimama nitarudi.

Nilimkuta ameketi chini ya kamba aliyoifunga kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kalenda. Nguo zilinuka ubichi.

"Dada," nikasema, "ile taa haikuwa inataka maji. Mimi ndiye niliyekwambia inataka maji."

Aligeuza nguo moja kwenye kamba.

"Najua," akasema. "Mimi si nilikuwepo?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nimtaje nani? Ningesema ni wewe, wangekuita, ungesimama pale mlangoni kama mwiko, tungefukuzwa wote wawili. Mimi mdomo ninao, Kimya. Nikasema labda na wewe utaupata. Nikangoja siku ya kwanza. Nikangoja ya pili." Akavuta upindo wa shuka, akaliweka shavuni, akaliachia. Bado lilikuwa bichi. "Juzi nimeacha kungoja."

"Nisamehe, dada."

"Hilo nimelisikia. Lakini umekuja kuniambia mimi, na mimi si metroni."

Asubuhi yake niligonga. Metroni aliinua kichwa. "Sabuni tena?"

"Mimi ndiye niliyesema inataka maji," nikasema.

Ilibidi nirudie, maana sauti haikumfika. Mara ya pili ilimfika. Nilimweleza habari ya pasi, na ya taa mbili zinazofanana, na tangi kavu. Maneno yalikuwa yanaangukiana.

"Siku ile nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza kama alimwaga."

"Na hukuona la kuongeza?"

"Niliona. Nilishindwa."

Aliiweka kalamu yake mezani. Sikujua kama ana hasira na mimi au na yeye mwenyewe. Akasema barua imeshakwenda makao makuu, maji yakimwagika hayazoleki. Kisha akanisogezea karatasi na kalamu.

"Andika. Mimi nitaituma. Siahidi kitu."

Mimi niliishia darasa la saba. Tangu hapo sikuwahi kuandika zaidi ya idadi ya mashuka. Nilikaa kwenye kiti chake cha wageni nikaandika hadi kengele ya chakula, nikafuta, nikaandika tena.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Mimi nilikatwa likizo na kupewa onyo. Mama Kamba hakurudishwa. Walisema nafasi yake haipo tena, kazi inafanywa na mashine. Wangemhesabu kuwa amestaafu. Nililisoma hilo pale koridoni, nikalirudia tangu juu. Nilikuwa nimejidanganya kwamba ukweli ukifika, utarudi naye.

Metroni alinipa nakala ya Mama Kamba nimpelekee. Nilimkuta mlangoni kwake, ndani ya kizingiti, si nje. Nikamnyooshea barua.

"Miwani yangu imevunjika," alisema. "Soma."

Nikasoma polepole. Nilipofika kwenye neno kustaafu alifumba macho. Nilidhani analia, lakini alitikisa mkono niendelee. Nikasoma mstari wa mwisho: kwamba baada ya uchunguzi, imebainika uharibifu ule haukuwa wa makusudi.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Sikusikii."

Nikarudia kwa nguvu zaidi. Jirani wa kushoto, aliyekuwa anafua uani, aliinua kichwa.

Mama Kamba alivuka kizingiti. Akatoka hadi katikati ya uani, kwenye mwanga, akasimama mikono kiunoni kama zamani alipokuwa anakagua kamba zake.

"Paza sauti, mdogo wangu," alisema. "Kwa miaka yote hii, mshindo wenyewe ndio huu?"

Nikajaza kifua, nikasoma tena. Majirani wengine wawili walitoka. Nilipomaliza alisema, "Tena," nikasoma tena.