Uboho wa Wafula
Nesi wa kliniki hapa Kitale aliposema mwanangu hana damu kwa sababu simlishi, niligonga meza yake. Mlio ule ulinirudisha kwetu Kabuchai, alasiri moja ya utotoni, Mama akigonga mfupa wa ng'ombe kwenye sahani ya kaka yangu Wafula mpaka uboho ukaanguka, ukinukia moshi.

"Na mimi?" nililia.

"Wewe mifupa yako imejaa, mami," Mama alinijibu. "Wacha huyu ajaze yake."

Nilidhani anapendwa kuliko mimi. Wafula akanipa mfupa nilambe. Tulimzika akiwa mdogo, naye pia aliishiwa damu.

Juzi daktari wa Bungoma alinieleza kwamba uboho unaweza kushindwa kutengeneza damu kwa kasoro ya jeni inayorithiwa, hata mtoto akishiba.

Nimemwandikia msimamizi wa kliniki: "Nalalamika. Kaka yangu alilishwa, akafa. Mwanangu anakula. Mpimeni uboho."