Tumbo Lililoshtakiwa kwa Woga

Baba yangu hakuwa mwoga. Naanza na hilo ili anayetaka kucheka acheke mapema, tumalizane.

Vita vya Kagera vilipoanza tulikuwa tumeshazoea kijiji cha ujamaa huku Bukiriro, nyumba zimepangwa mistari, jirani akipiga chafya unamwambia "afya" ukiwa kitandani kwako. Baba alikuwa mgambo. Alikuwa pia na tumbo. Tangu nipate akili nilimwona akiinuka kwenye chakula, anakwenda kujikunja nyuma ya nyumba, anarudi na kusema, "Endeleeni kula, limepita." Mama alimchemshia maziwa na kumkataza pilipili. Bibi alileta mizizi michungu. Tumbo likaendelea na shughuli zake.

Lori lilipokuja kuchukua wanaume, baba alijifunga kanga ya mama tumboni, chini ya shati, akaikaza mpaka akawa anapumua kwa shida, akapanda. Nilimwona kwa macho yangu, na hakuna aliyemsukuma. Mama alipiga vigelegele. Nami nikapiga vyangu, vikatoka kama vya kifaranga.

Hakufika mbali. Kambini Biharamulo, kabla hawajapewa hata bunduki, alitapika damu nyeusi akaanguka. Mganga wa kambi alimwambia ana vidonda vya tumbo, kwamba vinaletwa na mawazo na hofu, arudi nyumbani akapunguze mawazo. Simlaumu, siku hizo ndivyo walivyofundishwa. Lakini jamani! Mtu ameshushwa kwenye safari ya vita, unamwambia ugonjwa wake ni hofu, halafu unamwambia asiwe na mawazo!

Damu ile waliiona wa kambini tu. Kijijini waliona mwanamume mzima anarudi na kifurushi chake wakati wenzake wanakwenda. Siku hiyohiyo ugonjwa ukapata jina: homa ya lori.

Baba hakujibizana na mtu. Alishika jembe. Alilima zamu yake kwenye shamba la kijiji, akitoka hapo analima mashamba ya waliokwenda vitani, la jirani yetu wa nyumba ya pili likiwa la kwanza. Anajikunja kwenye matuta, anainuka, anaendelea. Wake zao walivuna, watoto wao wakala. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji, kwa hiyo sisimuliwi. Mpaka leo nikisikia neno shujaa, sioni bunduki. Naona mgongo wa baba.

Kilichoniuma si kicheko cha kijiji. Ni maneno niliyomsikia akimwambia mama jikoni. "Labda wanasema kweli. Mimi sikujiona naogopa. Lakini tumbo ni langu, pengine lenyewe lilijua."

"Acha upuuzi," mama akamjibu. "Tumbo hilohilo lilikuuma siku ya harusi yetu. Au na mimi ulikuwa unaniogopa?"

Baba alicheka, ila hakuamini.

Wapiganaji wakarudi na kijiji kikawashangilia. Kwetu wanaume walikunywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja, unapita mkono kwa mkono, na kumruka mtu ilikuwa kumtukana. Hakuna aliyemruka baba. Alijiruka mwenyewe. Mrija ukimfikia anaupitisha: "Anzeni ninyi mliokwenda." Anakunywa wa mwisho, machicha tu. Ikawa hivyo miaka nenda, miaka rudi. Na yule jirani, ambaye alirudi salama akakuta shamba lake limelimwa, pombe ikimpanda kichwani haachi kuuliza, "Vipi bwana, homa ya lori haijapona tu?" Watu wanacheka. Baba anacheka kidogo, anatazama chini. Nilitamani kummwagia mtu mtungi wote kichwani.

Mvi zilipomjaa, tumbo likamlaza tena, nikampeleka hospitali kubwa Mwanza. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye adabu zake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Majibu ya vipimo yalipotoka, akamweleza taratibu. Tumboni mwake mna bakteria, na hao ndio waliomchimba vidonda. Mara nyingi huingia utotoni, kwa mate au maji machafu, kwa kuishi pamoja. Watu wengi wanao na hawaumwi kamwe. Dawa zipo, azimeze zote bila kuruka.

Baba akamsogelea. "Mjukuu wangu, huyo mdudu anajua vita?"

"Unasemaje, babu?"

"Nauliza, vita vikitangazwa, yeye anapata habari?"

Binti akanitazama, kisha akamgeukia baba.

"Hapana, babu. Hajui lolote. Huenda alikuwemo humo tangu ukiwa mtoto mdogo."

Baba akavua kofia, akaiweka magotini, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Nami nikalia, tena kwa sauti, hospitali nzima ikasikia na isikie.

Alimaliza dawa akapona kabisa. Mwaka uliofuata tulimwoza mdogo wangu, wazee wakauzunguka mtungi kama kawaida yao. Mrija ulipoanza safari, baba aliinua mkono kuusimamisha. Akachomoa mfukoni mrija wake mwenyewe, mpya, akauzamisha.

"Leo naanza mimi."

"Ehee!" jirani akadakia. "Homa ya lori imepona?"

Baba alikunywa kwanza, bila haraka, akajifuta mdomo. "Walikuwa wadudu, bwana. Tumenyonya mrija mmoja tangu ujana, kwa hiyo huenda na wewe unao. Ila wako ulikwenda nao vitani wamelala. Mimi nilipanda lori wakinila."

Hakuna aliyecheka. Jirani alikaa na mrija mkononi, akamtazama baba kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Kumbe siku ile ulipanda unaumwa?"

"Nilipanda," baba akasema, akarudi kwenye mrija wake.