Kiwanja cha Mama Sikuzani

Mwanangu, siku nyingi zimenitoka kichwani, lakini siku moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya mutaa, bado naikumbuka. Ni Kalemie hii hii, wakati nchi iliitwa Zaire. Kila Jumamosi tulitoka wote kukata majani ya barabara, na unajua, mikono ikifanya kazi, midomo nayo haikai. Siku hiyo tuliongea juu ya watu wa ng'ambo, wanaovuka ziwa kutoka Kigoma bila karatasi.

"Ziwa halina lupango, halina ua," alisema Papa Lwamba, mwenye mutumbwi wa kuvusha watu.

"Nyumba bila mulango njo ya wezi!" akamujibu muke wake mwenyewe. Tukacheka wote.

Mimi nilikuwa musichana wa kuanika ndagala juu ya muchanga. Pale ufukweni tulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: anayefagia kiwanja alfajiri, njo mwenye kiwanja. Kile kizuri kuliko vyote, chenye jua toka asubuhi, kilikuwa cha Mama Sikuzani. Alivuka kutoka ng'ambo mbele mimi sijazaliwa. Yeye alinifundisha kugeuza samaki bila kuwavunja. Wazee wanasema mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe; yeye jembe letu lilikuwa limemuotesha sugu, na siku hiyo ya salongo alilishika vilevile. Lakini mimi kijicho kilinila. Mara ngapi niliamuka mapema nimushinde kufagia? Sikumushinda hata mara moja.

Papa Kisimba, kapita, mukubwa wa mutaa, akafungua daftari. "Basi, sitwayeni, wananchi, wakubwa wanataka majina ya wasio na karatasi, tuandike. Nani anamujua muntu wa ng'ambo?"

Watu wakainamisha vichwa. Kidole changu kikanyooka. "Mama Sikuzani."

Yeye hakupiga kelele. Aliniangalia, akasema: "Mutoto, leo mvua itakuja. Usisahau ndagala zako."

Wiki haikuisha, askari wakamupandisha boti ya kumurudisha ng'ambo.

Kesho yake, alfajiri, nikaenda na ufagio wangu. Nikakuta kiwanja kimefagiwa. Mistari ya ufagio ilikuwa mibichi, imenyooka kama alivyozoea yeye, na hapakuwa na alama ya muguu hata moja. Nikawauliza wamama wote. Kila mumoja aliapa si yeye. Kesho yake, vilevile. Siku ya tatu nilifika mapema zaidi. Ukungu ulikuwa umefunika maji, na ndani yake nikasikia: shwaa, shwaa. Nikaita. Sauti haikusimama, ilienda ikishuka polepole. Ukungu ulipofunguka, mistari ilitoka kiwanjani, ikateremuka, ikaingia majini.

Ujinga wa ujana, mwanangu! Nikaanika ndagala zangu pale pale. Jua liliwaka mpaka muchanga ukachoma nyayo. Za wengine zilikauka, zangu zilibaki na maji kama zimetoka kwenye wavu sasa hivi. Na ndege, wezi wale wanaotushinda kila siku, hakuna aliyetua.

Nikamuita kambo yangu, mama ya baba, Nyota jina lake. Akaja na fimbo yake, akaangalia sana.

"Nani alimutaja?"

"Ni mimi, kambo."

"Na mimi ungenitaja lini?"

"Wewe, kambo?"

"Mimi nilivuka tumboni mwa mama. Nani aliniandika?" Akageuza fimbo kuelekea majini. "Na lile jua, linatoka ng'ambo kila asubuhi. Kimbia, ulitaje kwa kapita."

Nilikimbia kweli, lakini nikamuambia Papa Kisimba: yule mama ni wetu, mimi nilisema kwa wivu, mumurudishe. Akafunga daftari. "Binti, ulimi wako ulivuka mbele yake. Wende basi ukaurudishe."

Nikamutuma Papa Lwamba amutafute. Alikaa siku nyingi kule. Aliporudi hakufanya muzaha wake. Alisema kule nako walimuuliza karatasi, wakamuambia: wewe ni wa Zaire, rudi kwenu. Walimuona amesimama ufukweni na kifurushi na ufagio, anaangalia upande wetu. Halafu ukungu ukashuka. Tangu hapo hakuna anayejua.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilirudi kwenye kona yangu ya zamani, yenye kivuli, na mpaka uzee huu sijaanika kitu pale. Hakuna anayekifagia kiwanja kile. Kila asubuhi kimefagiwa.

Sasa nasikia munabishana, nyinyi wa shule, nani aingie na nani atoke. Bishaneni; nyumba inahitaji mulango, sikatai, na wakubwa wana kazi yao ya kuhesabu watu. Lakini wakikuuliza jina la jirani, mwanangu, kwanza uliza roho yako: ninaogopa mugeni, ao ninatamani kiwanja chake? Ukikuta ni kiwanja, shusha kidole. Na kama umekwisha kukinyoosha, kimbia urekebishe siku ile ile, usingoje mpaka boti iondoke kama mimi.

Mungu akulinde barabarani na majini. Na kokote utakakotua na kifurushi chako, ukute muntu aliye hai amekufagilia mahali.