Nyumba Ambayo Kasiva Aliisifu Mbele ya Kamera

Kitui na Makueni, huku Ukambani, zimejaa nyumba zinazojengwa na watu ambao hawapo. Mwenye nyumba yuko Doha anaendesha lori, au yuko bandarini Mombasa. Huku nyumbani kuna ndugu wa kusimamia, mama wa kupikia mafundi, na simu ya kupiga picha za kuta zikipanda. Dunia ina nchi nyingi ambako watu hujenga hivyo, na wasiwasi wao ni mmoja: huo ukuta ninaoonyeshwa, ni ukuta kweli?

Kasiva aliujua wasiwasi huo, akaufanya kazi. Alikuwa amesomea ujenzi, akazunguka na makontrakta miaka kadhaa hadi akachoka kutumwa chai, kisha akarudi Kwa Vonza na kufungua ofisi ya kukagua nyumba, chumba kimoja kando ya duka la mbolea. Alibandika mabango kwenye nguzo za stima. Watu waliyasoma wakacheka.

"Mimi nilidhani kinachokaguliwa ni nyama," mwenye bucha alimwambia. "Sasa ukikuta nyumba ni mgonjwa, utaichoma sindano?"

Kilichomwokoa ni video. Binamu yake Nyamai, mpiga picha wa harusi, alimfuata siku moja kwenye nyumba fulani, akamrekodi akigonga ukuta kwa nyundo ndogo. Ukuta ukatoa mchanga, ukamiminika kama unga kutoka gunia lililotobolewa na panya. Kasiva akageuka na kusema, nusu Kiswahili nusu Kikamba, "Huu si ukuta. Hii ni mchanga imesimama kwa heshima tu." Wiki hiyo hiyo Wakamba wa Doha, wa Riyadh, wa Nairobi walikuwa wakitumiana maneno hayo. Simu zikaanza kuingia. Nyamai akanunua taa na maikrofoni, na mwenye bucha akaanza kumwita Injinia.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza aliizunguka nyumba bila kamera, kimya, akigonga, akimulika, akipanda na kuchungulia. Nyamai alisubiri nje. Baada ya hapo ndipo walirekodi mzunguko wa pili, wa kuonyesha watu.

Nyumba ya Muthama huko Matiliku ndiyo iliyouvuruga utaratibu huo. Muthama alikuwa Doha. Mdogo wake Gedion ndiye aliyesimamia ujenzi. Ilikuwa nyumba ya kupendeza, na mbele yake veranda pana iliyofunikwa kwa slabu ya zege, ambayo mtu angeweza kupanda ngazi na kusimama juu yake akatazama milima. Walifika wamechelewa, jua likielekea kuzama.

"Kasi, wacha tuanze na video," Nyamai alisema. "Hiyo mwanga ikienda, haturudishiwi na mtu."

Akamsimamisha chini ya veranda, uso kwa jua. Kasiva aliongea vizuri kuliko siku zote. Mwishoni akanyoosha mkono juu, akaielekeza slabu bila kuitazama, akasema, "Nyumba hii, hata mama yangu ningemlaza hapa leo." Mama yake Muthama, Syokau, aliyekuwa amesimama kando, akapiga vigelegele.

Kisha ikaja muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, pamoja na kuku. Kwa Syokau hakuna mgeni aliyewahi kutoka bila kula, wala aliyekula kidogo. Giza lilipoingia Kasiva alizunguka na tochi. Alikagua vyumba, paa, mitaro. Veranda hakuirudia. Alikuwa amesimama pale muda mrefu hivi kwamba kichwani mwake ilikuwa imeshakaguliwa.

Video hiyo ilizipita zote. Watu walipenda jua, walipenda vigelegele vya mama.

Jumamosi moja asubuhi, Kasiva akinywa chai ofisini, alikuwa akisoma maoni ya watazamaji na kutabasamu. Mwanamke mmoja aitwaye Ismahan, mwenye duka Mwingi, alikuwa ameandika: "Dada, mashallah, kazi nzuri. Naomba kuuliza. Hayo madoa mekundu juu ya kichwa chako ni rangi? Ghala la mjomba wangu lilikuwa na madoa kama hayo, na siku moja likashuka."

Kasiva aliisimamisha video, akaivuta picha kwa vidole viwili. Juu ya nywele zake, juu ya tabasamu lake, upande wa chini wa slabu ulikuwa na mistari ya rangi ya kutu, imenyooka sambamba, mstari baada ya mstari, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Kila mstari ulikuwa umeifuata nondo iliyolala ndani.

Chai ilimwagika mapajani na hakuisikia. Alimtazama mwanamke wa kwenye ile picha, mdomo wazi, akisifu. Alishindwa kuamini kwamba ni yeye.

Gedion alipokea simu akiwa katikati ya kelele.

"Injinia! Mbona hujafika? Leo tunafungua nyumba! Pasta amefika, kwaya imefika, Muthama anatutazama kwa simu kutoka Doha."

"Gedion, nisikie. Mtu yeyote asipande juu ya veranda."

"Aii! Si huko ndiko kwaya itaimba mahubiri yakiisha? Ni wewe ulisema ni nyumba ya kulaza mama. Wamama wote wameona video yako, wanagombania nafasi."

"Nilikosea. Wabakishe chini!"

"Wacha mchezo, Injinia," Gedion alicheka. "Narudi kwa video, Muthama analalamika." Na simu ikakatika. Kila alipopiga tena haikupokelewa, kwa kuwa ndiyo simu iliyokuwa ikimwonyesha Muthama sherehe yake.

Nyamai aliendesha kama mtu anayefukuzwa, kupitia Wote. Kasiva alikaa ameshika nyundo magotini. Kwa mara ya kwanza maishani alimwomba Mungu ampe mhubiri maneno mengi.

Pasta Mbithi alikuwa nayo mengi, lakini hayakutosha. Walipoingia uani, wanakwaya wa kwanza walikuwa wameshapanda, wamevaa sare za zambarau, na wengine walikuwa kwenye ngazi. Chini ya slabu, kwenye kiti cha heshima kilichotandikwa kitambaa cheupe, aliketi Syokau na kitenge kipya.

"Shukeni!" Kasiva alipaza sauti. "Msiimbe! Msiruke! Shukeni polepole!"

Ua wote uligeuka.

"Dada, tuko kwenye ibada," alisema Pasta Mbithi.

"Kwani sisi ni wazito hivyo?" Kalunde, kiongozi wa kwaya, aliuliza kutoka juu akishika kiuno. Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja akafungua simu yake, akaiinua juu, na sauti ya Kasiva mwenyewe ikatoka, tamu, bila haya: "Hata mama yangu ningemlaza hapa leo."

Hakuwahi kuichukia sauti yake hivyo. "Ndiyo, ni mimi nilisema," alijibu. "Nilisema bila kuangalia. Hii slabu sikuigonga hata mara moja."

Kicheko kilikatika. Kutoka kwa simu ya Gedion ikasikika sauti ya Muthama: "Washuke. Gedion, washushe wote."

Wakashuka wakinung'unika. Syokau hakuinuka.

"Hii ni nyumba ya mwanangu," alisema. "Sitolewi kwangu siku ya kuombewa."

Kasiva aliingia chini ya ile slabu, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Mwaitu, mama yangu, inuka kwanza. Utanitukana tukiwa kule juani."

Mama yule aliinuka, akamfuata.

Kasiva alisimama pembeni kabisa, akafunga nyundo kwenye ufito mrefu, akagonga. Sauti ilirudi tupu, kama ya debe. Akagonga tena, kidogo tu. Kipande cha zege kikubwa kuliko mkate kilibanduka, kikaanguka juu ya kile kiti cheupe na kukivunja mguu.

Juu, pale kilipotoka, nondo ilikuwa imebaki nyembamba, nyekundu, ikimenyeka kama gome.

Macho yote yalimwendea Gedion.

"Gedion," sauti ya Muthama ilisema, "simiti yangu uliipeleka wapi?"

"Ndugu yangu, kila mfuko uliingia hapo! Naapa mbele ya pasta!"

Kasiva aliokota kipande, akakwaruza unga mweupe uliokuwa kando ya kutu, akaugusa kwa ulimi. "Simiti ipo, ila ina chumvi, na chumvi hula nondo," alisema. "Maji ya kuchanganyia mlitoa wapi?"

Gedion alimtazama mama yake. Syokau alikuwa ameshika mdomo.

"Ni mimi," alisema hatimaye. "Ilikuwa ule mwaka wa ukame. Tangi lilikuwa na maji matamu kidogo tu. Nikawaambia mafundi wasiyaguse, hayo ni ya watu na ya ndama. Wakachota ya bomba la kisima, yale ya chumvi. Nilisema, kwani simiti ina ulimi?" Alikitazama kiti kilichovunjika. "Mimi ndiye nimeila nyumba ya mwanangu."

"Mama, usiseme hivyo," Muthama alisema. Kisha, "Kasiva. Hiyo video yako bado watu wanaiangalia?"

"Kila siku."

"Na mwaka ule ni wangapi walijenga kwa maji ya bomba?"

Kati ya watu waliojaa uani, wanaume kadhaa walikuwa wameacha kuitazama veranda. Mmoja wao tayari alikuwa akivuka barabara kwa haraka kuelekea nyumbani kwake, akimwita mkewe awatoe watoto nje.

"Nyamai," Kasiva alisema, "leta kamera."

Alisimama juani, vumbi la zege kwenye nywele, akajaribu kusema jina lake, na sauti ikakataa kutoka. Syokau alikaza kitenge chake, akaja kusimama kando yake.

"Washa," alimwambia Nyamai. "Huyu akishindwa, nitaanza mimi na yale maji."